Mstari wa Eufrasia Kwenye Tangi

Jumatano ya tarehe kumi na nne Mei mwaka elfu mbili ishirini na tano ndiyo siku kila kitu kilipomharibikia Enoki. Tarehe yake ya kuzaliwa haijui sawasawa, wazazi wake hawakuiandika popote, lakini hiyo ya Mei anaijua, na ukikaa naye atakutajia kabla hujaomba maji ya kunywa. Akishaitaja lazima aongeze: "Siku wakubwa walipoamua kuniosha."

Hawakumwosha yeye. Waliosha pikipiki yake. Kwake ni kitu kimoja.

Asubuhi hiyo alitoka ufukweni mwa ziwa na vyungu vya shemeji yake Catheline, vimepangwa ndani ya tenga na kushindiliwa majani makavu ya mpunga visigongane. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama inavyonyesha Kyela mwezi wa tano, bila haya, na barabara ilikuwa uji. Hadi anaingia Ipinda tope lilikuwa limepanda kutoka magurudumuni mpaka kwenye kiti, na suruali yake ingeweza kusimama yenyewe. Akashusha vyungu sokoni, kimoja kimoja, vyote vizima. Akapumua.

Siku za nyuma, kazi ikiisha hivyo, angeteremka mtoni. Angeiegesha pikipiki kwenye mawe, aiache ipoe, achukue kitambaa na kipande cha sabuni, aioshe polepole kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Lakini mto ulikuwa umepigwa marufuku. Mtendaji wa kata, Ambrose, kijana aliyeletwa kutoka Singida na ambaye mvua ya huku ilikuwa bado inamshangaza, alikuwa amesimika kibao: hakuna kuosha chombo cha moto mtoni, watu wanakunywa maji haya. Enoki hakuweza kubisha kwamba watu wanakunywa maji hayo, yeye mwenyewe aliyanywa. Alichobishia ni jinsi kibao kilivyopatikana upesi, wakati kalavati la njia ya kwao limebomoka misimu na misimu na halijapata hata kijiti chenye kitambaa chekundu cha kuonya wapita njia.

Kalavati hilo ndilo kidonda chake. Masika ya mwaka juzi mkewe, Eufrasia, alishikwa na homa. Enoki akampakia pikipiki, akamfunga mgongoni mwake kwa kanga mbili kama mtoto, wakaondoka alfajiri. Walipofika kwenye kalavati wakakuta limekwenda na maji. Wakarudi, wakazunguka kwa njia ya mashambani, wakasukuma, wakazama, wakanyanyuka. Walipofika kwa mganga wa zahanati Eufrasia alikuwa anapumua bado, ila alikuwa ameacha kumjibu. Tangu hapo Enoki akiona gari lenye bendera, au hata mtu aliyevaa shati la mifuko minne, anatema mate pembeni. "Wangelitengeneza lile kalavati," husema, na sentensi yake haiendi mbali zaidi ya hapo.

Cha Eufrasia kilichobaki duniani hakikuwa kingi. Alikuwa mfinyanzi, na mfinyanzi haweki akiba ya vyungu vyake: kila alichofinyanga kiliuzwa, kikaenda kupika maharage ya watu wasiomjua, mwisho kikavunjika na kutupwa. Nguo zake ziligawanywa kwa ndugu baada ya msiba. Picha alikuwa nayo moja, ya kitambulisho, uso umekunjwa kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka.

Kilichobaki ni mstari.

Wafinyanzi wa ufukweni kila mmoja ana mstari wake shingoni mwa chungu. Anayejua vyungu akitazama shingo tu atakwambia hiki ni cha fulani, kile cha fulani. Siku walipoileta pikipiki nyumbani, imenunuliwa kwa vyungu hivyohivyo, Eufrasia alichukua kopo la rangi nyeupe iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa, akachovya kidole, akauchora mstari wake juu ya tangi jeusi, mawimbi mawimbi, kuanzia huku mpaka kule. Enoki akapiga kelele, "Wewe mama wewe, umeniharibia tangi!" Eufrasia akacheka, na kidole kikaruka. Ndiyo maana katikati ya mstari kulikuwa na mahali palipokatika, pamepanda kidogo, kisha pameendelea. Pale alipocheka. Enoki akiwa peke yake njiani, njia ikiwa nzuri, alikuwa na tabia ya kuweka kidole gumba hapo.

Kijiweni walipomuuliza kile cheupe ni nini, aliwajibu, "Rangi ilimwagika." Mwanaume mzima hawezi kusimama katikati ya madereva wa bodaboda akaanza kuwaeleza kicheko cha marehemu mkewe.

Sasa Jumatano hiyo, tenga tupu limefungwa nyuma, akamwona Mtendaji anakuja mbio akiruka madimbwi.

"Shikamoo mzee wangu! Mzee Enoki, ni wewe hasa ninayekutafuta."

"Marahaba. Mtendaji akimtafuta mtu, huyo mtu ana shida."

"Leo ni heshima tupu, mzee wangu. Ile mashine ya kuoshea kwa presha, ya kikundi cha vijana, imefika. Mgeni rasmi anakuja kuizindua, na tunahitaji pikipiki ya mfano." Akaizunguka pikipiki ya Enoki, macho yanang'aa kama ameokota kitu. "Ipinda nzima hakuna chafu kuliko hii."

"Usimdanganye mgeni, Mtendaji," akadakia Jackson, dereva wa kijiwe kilekile, aliyejaliwa mdomo kuliko abiria. "Chini ya hilo tope inawezekana hakuna pikipiki."

Watu wakacheka. Enoki akasema, "Yangu naosha mwenyewe."

"Wapi, mzee wangu?" Mtendaji akauliza kwa upole. "Mtoni?"

Hapo Enoki akaona amebanwa. Ndivyo walivyo, akawaza. Wanakufungia mlango wa nyuma, halafu wanakukaribisha kwa tabasamu upite wa mbele.

Mashine ilikuwa imewekwa kando ya barabara, juu ya sakafu mpya ya saruji, imefungwa utepe kama mtoto wa ubatizo. Aliyekabidhiwa kuiendesha alikuwa binti mmoja anayeitwa Kisa, mwenye mabuti ya mvua na miwani ya plastiki kichwani. Alikuwa amepelekwa Mbeya kujifunza kazi hiyo, akarudi nayo.

"Mugonile, baba," akamwamkia Enoki kwa heshima, kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu."

"Naona bado inafuka. Umetoka nayo mbali?"

"Ziwani. Sasa hivi."

"Basi tuiache ipoe kwanza. Injini ya moto ukiipiga maji baridi unaiumiza, chuma kinaweza hata kupasuka. Ikishapoa tunaziba ekzosi, nina mfuko wa nailoni na mpira wa kubania. Halafu tunalilowesha tope kwa sabuni, lenyewe litalainika. Hatushindani nalo."

Enoki, ambaye alikuwa amejiandaa kugombana, alikosa pa kuanzia. Akatafuta. Akaenda kwenye kisanduku cha vifaa chini ya kiti, akatoa bonge la udongo wa kufinyangia lililoviringwa kwenye kitambaa kibichi. Ndivyo Eufrasia alivyokuwa akiziba ekzosi kila walipokwenda mtoni, kwa udongo wa vyungu, na Enoki hakuwahi kuona tone likiingia. Akalikanda, akalisukuma kwenye mdomo wa bomba. Likatoa mvuke: shiii.

"Baba, ungengoja ipoe."

"Huu ni udongo wa vyungu, binti. Wenyewe na moto ni marafiki."

Kisa hakubisha na mtu mzima. Akainama, akaonyesha kwa kidole. "Nitasimama mbali kiasi hiki, na nitaweka ncha hii inayotawanya maji kama feni. Cheni sipigi moja kwa moja, beringi za magurudumu sipigi, nyaya za chini ya kiti sipigi. Maji ya mashine hii yanapita pasipopita sindano. Yakiingia kwenye beringi yanatoa grisi yote." Akanyanyuka. "Je, kuna mahali pengine usipotaka nipaguse? Stika, rangi, chochote?"

Enoki akafungua mdomo. Nyuma ya Kisa alisimama Jackson, na nyuma ya Jackson kijiwe kizima, wamekunja mikono, wanangoja neno la kulifanyia kazi wiki nzima.

"Osha tu, binti," akasema. "Ni pikipiki hiyo, si bibi harusi."

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Kisa akatabasamu, akaenda kuandaa sabuni. Enoki akavua koti lake, akalitandika juu ya tangi kama mtu aliyesikia joto. Alikuwa ameshapanga: koti litakaa hapo, yeye atasimama karibu, mambo yatakwisha.

Ila siku hiyo mgeni rasmi, kwa mara ya kwanza tangu wageni rasmi waanze kualikwa, aliwahi.

Gari likaingia na madimbwi yake. Mtendaji akakimbia huku na huku, akinamama wakapiga vigelegele, spika ikakoroma, na Kisa aliyekuwa ameweka mkono juu ya injini kupima joto akaambiwa aanze. "Bado ya moto, Mtendaji." "Anza na magurudumu basi, mgeni ana ratiba!" Kisa akaanza na magurudumu, kwa mbali, na Enoki aliyekuwa ametega sikio lake kusikia chuma kikilia hakusikia kitu. Tope lilikuwa linateremka lenyewe, taratibu, kama uji unaomwagwa. Alitaka kuchukia, akashindwa. Eufrasia angeipenda kazi ile.

Mtendaji akaliona koti. "Mzee wangu, litalowa hili!" Akalichukua, akalikunja vizuri, akalishika mkononi kwa adabu zote. Ndiyo hasira ya Enoki hadi leo, ile adabu. Ungepata wapi pa kumshika mtu anayekuharibia huku amekukunjia koti?

Maji ya Kisa yakapita juu ya tangi kwa mbali, laini kama manyunyu. Tope likaondoka na mstari ukabaki, mweupe, na mruko wake. Enoki akashusha mabega. Akafikiri yamekwisha.

"Na sasa," spika ikasema, "tunamkaribisha mgeni rasmi azindue kwa mkono wake mwenyewe!"

Mgeni rasmi alikuwa mtu mzima mwenye suti ya kijivu, mpole tu, asiyejua la kufanya na mikono yake. Akapokea bomba la mashine. Kisa akamwambia, "Mheshimiwa, simama mbali, na hii ncha usii—" lakini vigelegele vikameza maneno yaliyobaki. Mgeni akaizungusha ncha, kama mtu yeyote anavyozungusha kitu kinachozunguka. Maji yaliyokuwa feni yakajikusanya, yakawa msumari.

Ndipo ikatoka sauti katikati ya watu: "Bado kuna tope pale kwenye tangi!"

Mgeni akatazama, akaona cheupe. Alitaka kazi yake iwe safi. Akasogea karibu, karibu kabisa, akainama.

"Aa! Aa! Aaa!" Enoki akapiga kelele, mikono juu, na waliokuwa karibu naye wakadhani anashangilia, nao wakashangilia. Rangi ikainuka kama ganda la kitunguu. Upande mmoja, kisha mruko, kisha upande wa pili. Vipande vyeupe vikaelea kwenye maji ya sabuni, vikaenda mtaroni. Kisa alizima mashine kabla hajaambiwa, lakini tangi lilikuwa jeusi tayari, linang'aa kama siku lilipotoka dukani. Watu wakapiga makofi.

Kisa akamsogelea. "Baba," akasema chinichini, "ile ilikuwa rangi?"

Enoki akapanda pikipiki ili aondoke, akapiga kiki. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akapiga tena na tena. Spika ilikuwa bado inasifia mashine, na pikipiki ya mfano ilikuwa imekufa mbele ya mgeni rasmi.

"Imezaliwa upya," Jackson akasema, "bado haijajifunza kulia."

Mgeni alipoondoka, Enoki alimfuata Mtendaji hadi mlangoni mwa ofisi, akiwa ameshika usukani wa pikipiki kama mtu anayevuta ng'ombe mgonjwa.

"Nani alisema ile ni tope?"

"Tope gani tena, mzee wangu? Tangi linang'aa. Kama haiwaki, tutatafuta fundi, kikundi kitagharamia."

"Sikuulizi kuwaka. Kulikuwa na mstari. Nauliza aliyesema ni tope."

"Mstari wa nini?"

"Wa rangi."

Mtendaji akashusha pumzi, akafurahi kusikia kwamba ni rangi tu. "Basi tutakununulia rangi! Unataka nyeupe?"

Hapo Enoki akapasuka. Akamwambia habari ya kibao cha mtoni, ya kalavati, ya njia ya mashambani, ya wakubwa wanaojua kuzindua na hawajui kutengeneza, ya mashine ya kuosha kuletwa mahali ambapo tope lenyewe linatokana na barabara yao. Alisema mpaka watu wakatoka dukani kusikiliza. Alisema yote. Kuhusu mstari ule ni wa nani, hakusema neno. Mtendaji alisimama akiwa bado na koti la Enoki mkononi, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kalavati limeingizwa kwenye bajeti, mzee wangu," akamrudishia koti.

Akauliza kijiweni: nani alisema ni tope? Mmoja alisema sauti ilitoka upande wa akinamama. Akinamama walisema ilikuwa sauti ya kiume. Jackson aliapa kwa kaburi la babu yake kwamba yeye alikuwa anakula muhogo, na mdomo ukiwa na muhogo hausemi. Ila alipomwona mzee ameanza kuisukuma pikipiki kuelekea ziwani peke yake, aliacha utani, akaleta kamba, akaifunga nyuma ya pikipiki yake. Akamvuta njia nzima, polepole, akitazama nyuma kwenye kila dimbwi.

Walifika mchana umeinama. Catheline, dada wa marehemu, alikuwa uani kwake anasugua chungu kibichi kwa jiwe laini. Jackson ndiye aliyemsimulia, maana Enoki alikuwa amekaa chini ya ukuta akitazama miguu yake. Alimsimulia yote, mashine, mgeni, maneno ya Kisa, utani wa bibi harusi, na makofi.

Catheline akaenda nyuma ya pikipiki, akainama, akagonga mdomo wa ekzosi kwa ukucha. Kok, kok.

"Shemeji," akasema, "umekausha chungu humu."

Jackson akapasuka kicheko. Udongo ulikuwa umekamatana na bomba la moto, umekakamaa, hautoki kwa kidole. Catheline akauchokonoa kwa msumari na maji, kama anayemtoa mtoto maharage puani, huku akisema kwamba dada yake alikuwa akingoja ekzosi ipoe hata kama mumewe ananuna, na alikuwa akiung'oa udongo kabla ya kugusa kiki. Bonge likatoka vipande vipande. Enoki akapiga kiki, pikipiki ikaunguruma, ikatema vumbi jekundu. Hakuna aliyefurahi sana.

"Shemeji," Enoki akasema, akaizima. "Uchore tena."

Catheline akaingia ndani, akatoka na mabaki ya rangi nyeupe ndani ya kifuu. Akachovya kidole. Akakisogeza kwenye tangi, akakiacha hewani.

"Naujua wa mama yetu, na naujua wangu. Wa dada ulianza hivi, ukapinda hivi..." Kidole kikatembea bila kugusa. "Halafu katikati ulikuwa unaruka. Sikuwahi kumuuliza. Uliruka kwa nini?"

Enoki akatazama pembeni. "Nilimfokea. Akacheka."

Jackson, aliyekuwa ameshika helmeti yake, aliiweka chini taratibu. "Mzee," akasema, na hakukuwa na utani ndani yake, "miaka yote hiyo ulituambia rangi ilimwagika."

Catheline akafuta kidole kwenye kanga yake. "Siwezi kuchora kicheko cha mtu mwingine," akasema. "Nitachora mstari, utakuwa wangu." Kisha akamgeukia. "Yule binti, Jackson anasema alikuuliza. Alikuuliza kabla maji hayajatoka kama kuna mahali asipaguse."

Enoki akaanza kusema habari za kalavati. Akasema habari za kibao. Akasema wakubwa hawana macho, wakubwa wanashangilia wasichokijua, na aliyesema ni tope lazima apatikane hata kama ni kwa mkutano wa kijiji. Catheline hakumkatiza. Alimwacha amalize, kama anavyokiacha chungu kikauke kwa wakati wake, na alipomaliza akauliza tena, kwa sauti ileile, lile swali ambalo Enoki hajalijibu mpaka leo:

"Ya kalavati nimeyasikia, shemeji. Nakuuliza wewe: kwa nini hukumwambia?"